Kuku wa Wakili

Nakhumicha aliketi nyuma ya pazia la kijani, mikono juu ya mapaja, Biblia aliyoapia ikiwa bado mezani mbele yake. Upande wa pili wa pazia walikuwepo mawakili wa nchi mbalimbali, komiti iliyokuja Nairobi kusikiliza habari za ufisadi. Mwenyekiti wao alikuwa Hemlata, mama wa hapa hapa Nairobi, mtaa wa Parklands, mwenye sauti ya chini asiyependa kurudia neno. Upande huu alikuwa yeye na Clifford, wakili kijana wa komiti hiyo, aliyepewa kazi ya kuandika ushahidi wake na kukaa naye asishikwe na woga.

Hakuna aliyemwona. Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Karatasi yenye maneno yake ingesomwa, angejibu maswali machache, kisha angeshushwa kwa lifti ya mizigo hadi barabarani, katikati ya jiji, arudi kwake Mutuini kama mtu aliyetoka sokoni.

"Mayi, umetulia?" Clifford alinong'ona. Alimwita mama kwa lugha ya kwao, maana wote wawili walikuwa watu wa Bungoma.

"Mimi nimetulia. Wewe ndiye unatetemesha mguu."

Clifford akaukanyaga mguu wake kwa ule mwingine, akacheka bila sauti.

Alichokuja kukisema kilikuwa kifupi. Alikuwa mpishi katika nyumba moja ya mtaa wa Woodley iliyokodishwa na kampuni ya kigeni, ile iliyopewa kazi ya kujenga wodi ya kina mama karibu na kwake. Siku moja alimpakulia chakula Mutiso, ofisa wa serikali aliyetia sahihi kwamba wodi imekamilika. Akaona kwa macho yake meneja wa kampuni akisukuma funguo za fleti ya Parklands katikati ya sahani, na Mutiso akizitia mfukoni huku akitafuna. Wodi yenyewe mpaka leo ni kuta zisizo na paa. Mbuzi ndio wanaolazwa humo.

Na Valarie, binti wa pekee wa Nakhumicha, alipoteza mtoto wake wa kwanza ndani ya gari, akikimbizwa hospitali ya mbali. Sasa ameolewa vizuri, anaomba mtoto mwingine, na kila akipita karibu na zile kuta anageuza uso.

Komiti haikuwa na pingu wala jela. Ilikuwa na ripoti. Benki ya ng'ambo iliyotoa mkopo ilikuwa imesema wazi: ripoti ikithibitisha hongo, kampuni itarudi imalize wodi kwa gharama yake, la sivyo haitapata kazi tena popote. Lakini aliyeona funguo zikipita mezani alikuwa mmoja tu.

Karatasi ilisomwa. Kisha akasimama Kibe, wakili wa Mutiso, kwa kuwa komiti humruhusu anayetajwa kuuliza.

"Shahidi, nani alikuandikia haya?"

"Wakili wa komiti. Mimi nilisema, yeye akaandika."

"Mkiwa wapi?"

"Kwangu."

"Alikuja kwako. Safi. Ulimkaribisha?"

"Mgeni hafukuzwi."

Watu wakacheka kidogo. Kibe hakucheka.

"Na wakati anaenda, kuna kitu ulimpa?"

Nakhumicha alifungua mdomo, lakini vidole vya Clifford vikambana kiwiko.

"Sema hapana," akanong'ona.

"Lakini nilikupa kuku."

"Najua, mayi. Sema hapana."

Alimpa, tena kwa furaha. Clifford alikuwa ameingia kwake mara ya kwanza, mtoto wa nyumbani, mwenye tai na viatu vinavyong'aa. Mwenye nyumba wa kwao hamwachi mgeni wa namna hiyo aondoke mikono mitupu. Alimchinjia mmoja, wakamla pamoja, kisha akamfunga mwingine miguu na kumtia kwapani mwa Clifford. Kijana alikataa, akakataa tena, mwishowe akapokea, kwa sababu kukataa ni kumwambia mjane kwamba nyumba yake haina kitu. Akapanda bodaboda na suti yake, kuku akichungulia.

"Kuna sheria," Clifford alisema kwa haraka, midomo karibu na sikio lake. "Sisi wa komiti hatupokei kitu cha shahidi. Hata soda. Ukipokea lazima utangaze kabla ya kikao. Usipotangaza, yote uliyoandika yanatupwa."

"Na wewe hukutangaza."

"Ningetangaza nini? Kwetu hiyo si zawadi."

"Ni nini?"

"Ni heshima tu, mayi."

"Shahidi," sauti ya Hemlata ikaja, "tunakusubiri."

"Huyo Kibe hana kitu, anapapasa tu," Clifford akaendelea, jasho likimtoka juu ya mdomo. "Ukisema ndiyo, mimi sina kazi. Hilo si neno. Lakini ile wodi je? Valarie je?"

Jina la Valarie lilimchoma. Akaitazama ile Biblia. Neno moja tu, hapana, na nani angemlaumu? Kuku ni kuku. Lakini aliposema moyoni kwamba ni heshima tu, alimwona Mutiso pale mezani Woodley, akifuta vidole, akisema vilevile: ni heshima tu, rafiki zangu wamenishukuru. Akajua kwamba akilificha lake, hana mdomo wa kulitaja la mwenzake.

"Nilimpa kuku," akasema kwa sauti.

Ukumbi ukavuma. Clifford akafunika uso.

"Kuku!" Kibe alifurahi kama aliyeokota pesa. "Mzima au aliyepikwa?"

"Wote wawili. Mmoja alikula, mwingine akabeba."

Kicheko kikalipuka, hata mkalimani alikawia kidogo kabla ya kuwatafsiria wageni.

"Mwenyekiti, kwa hivyo shahidi wa hongo ameihonga komiti!"

"Nilimpa mgeni," Nakhumicha akajibu. "Sikujua sheria yenu. Kama imevunjwa, imevunjwa. Nimeapa, ndiyo sababu nasema."

"Clifford," Hemlata akaita. "Ni kweli?"

Clifford akatoka nje ya pazia. "Ni kweli, mwenyekiti. Sikutangaza. Mama huyu hana kosa, ni langu."

"Toka nje. Tutaongea baadaye."

Mlango ulifungwa. Nakhumicha akabaki peke yake nyuma ya kitambaa, akisikia karatasi zikipinduliwa na mawakili wakisemezana kwa lugha ambayo hakuipata. Kisha Hemlata akasema polepole, kwa sauti yake ileile.

"Shahidi, karatasi yako imeondolewa. Pazia tulikuwekea kwa sababu karatasi hiyo tulikwisha kuihakiki sisi wenyewe. Bila karatasi, kanuni yetu inataka aliyetajwa amwone anayemtaja. Unaweza kwenda nyumbani sasa hivi na jina lako halitajulikana. Au unaweza kusema upya, kwa mdomo wako, mbele ya watu. Siwezi kukuahidi ulinzi mpaka nyumbani kwako. Sitaki kukudanganya."

"Mutiso yuko humu?"

"Yuko. Safu ya mbele."

Nakhumicha aliwaza lango lake la mabati lenye komeo moja, na jirani wa karibu aliye ng'ambo ya shamba la mahindi. Aliwaza pikipiki zinazopita usiku, na sasa zote zingekuwa za mtu anayemtafuta. Alisema, Bwana, nishike, na hakuongeza neno, kwa sababu hakuwa na lingine.

Akasimama, akashika pazia, akalivuta mwenyewe. Pete zake zikakwaruza juu ya chuma.

Taa zilikuwa kali. Mutiso alikuwa pale, amekunja nne, tabasamu la kile kicheko cha kuku bado usoni. Macho yake yalimpitia Nakhumicha kama yalivyozoea kumpitia alipokuwa akiinama kuondoa sahani, yakaenda mpaka ukutani.

"Jina lako?" Hemlata akauliza.

"Nakhumicha. Nakaa Mutuini. Nilikuwa mpishi Woodley."

Hapo macho ya Mutiso yakarudi. Mguu uliokunjwa ukashuka chini.

"Mtu uliyemwona akipokea funguo," Hemlata alisema, "yumo humu ndani?"

Nakhumicha akainua mkono na kumwonyesha. Akauacha umeinuliwa mbele ya watu wote, na haukushuka.