Kadi Moja, Inchi Tatu kwa Tano

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na tisa Oktoba, saa tatu na robo asubuhi, mbele ya meza ya Mwalimu Whitcomb. Cha kuudhi ni kwamba Armand Thibodeau alikuwa ameshajibu maswali yote kumi.

Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa boila, mitambo ya kuchemsha maji yatoe mvuke, katika kiwanda cha karatasi, kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani. Wakubwa wakakifunga. Wakubwa wengine, ambao hawajawahi kuungua hata kidole, wakaamua kwamba fundi asiye na cheti kipya haruhusiwi kugusa boila, na cheti hakipatikani bila somo moja la sayansi chuoni. Masomo yenye maana yalikuwa yamejaa. Lililobaki ni elimu ya nyota. Basi mtu aliyeacha shule kidato cha kwanza akaambiwa hataaminiwa kusimamia mvuke mpaka ajue kwa nini Mwezi hupungua.

Jaribio la kwanza alianguka. Akianguka na la pili, jina linafutwa.

"Ulisomaje?" aliuliza Darlene, dereva wa malori ya magogo aliyekaa naye dawati moja.

"Sura nzima, mara sita. Na kalamu ya njano ya kupigia mistari."

Darlene akakifunua kile kitabu. "Mzee, hiki umekisoma au umekipaka siagi? Funga kitabu, jiulize mwenyewe. Kidogo kidogo, kila siku. Na umweleze mtu. Ukishindwa kueleza, ujue hujui."

"Nimweleze nani? Nyumbani nimebaki na friji."

"Friji inasikiliza kuliko mume wangu."

Akamweleza Clarisse mkewe, yaani kiti chake kitupu. Mkewe alikuwa na miaka miwili kaburini, tangu daktari mmoja alipomwambia arudi baada ya wiki mbili, na wiki mbili hakuzimaliza. Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Armand aliwasha taa ya mezani, akashika kiazi, akakizungusha.

"Taa ndiyo Jua, kiazi ndicho Mwezi, kichwa changu ndicho Dunia. Usicheke. Nusu moja ya kiazi ina mwanga siku zote, ni sisi tu tunaoiona kwa upande. Haya, na Januari tuko karibu zaidi na Jua, mabomba yanaganda kwa nini? Dunia imeinama, Clarisse! Upande wetu umelipa Jua kisogo."

Siku ya tisa alijibu kila kitu bila kufungua kitabu, na kiti hakikumpinga.

Mwalimu aliruhusu kila mtu aingie na kadi moja ya kuandikia, inchi tatu kwa tano, aijaze atakavyo na kuitazama akikwama. Jumatano mchana duka la chuo lilikuwa limefungwa, kama kawaida ya vitu vya chuo. Armand akakumbuka kopo la bati la Clarisse la kadi za mapishi, ambako nyuma kabisa kulikuwa na kadi tupu. Akachomoa moja, akaandika kwa herufi za sisimizi. Alipoigeuza ili aendelee, akakuta mwandiko wa mkewe: pai ya nyama ya mkesha wa Krismasi, na alama ya kidole gumba chenye mafuta pembeni. Alijilaani, halafu akajituliza. Itaenda na itarudi.

Alhamisi, kwenye jaribio la pili, hakuitazama hata mara moja. Kuitengeneza kulikuwa kumeshamfundisha kilichobaki.

"Na kadi, Bwana Thibodeau," alisema mwalimu.

"Kadi ya nini tena?"

"Mnazikabidhi, hazirudi. Asiyekabidhi, karatasi yake haisahihishwi. Ofisi iliwatumia barua pepe jana usiku."

"Jana usiku nilikuwa nimelala, mama, kama watu."

Darlene akasogea na simu yake. "Tulia, mzee. Nipe niipige picha, kila neno litabaki."

"Na hili doa?"

"Litaonekana."

"Litaonekana, ndiyo. Mafuta yake je?"

Mwalimu alikuwa mwanamke kijana, wala hakuwa mbaya. Aliichukua kadi, akaigeuza, akasoma juu ya karafuu na nyama ya nguruwe, uso ukambadilika. "Ningekuachia," alisema taratibu. "Lakini utaratibu si wangu."

"Najua. Haujawahi kuwa wa mtu yeyote."

Armand akaichukua kadi mkononi mwa mwalimu, akaitia mfuko wa shati, akaacha karatasi ya majibu juu ya meza.

Jumatatu jina lake lilikuwa limefutwa. Aliiandikia ofisi, kisha mkuu wa chuo, kisha bodi ya mafunzo huko mji mkuu. Hakuomba kurudishwa. Barua zote tatu zilikuwa na mstari mmoja, na mpaka sasa, theluji imeshafunika ngazi za mlango wake, hakuna aliyeujibu: yale majibu yangu kumi, nilipata mangapi?