Kihamba cha Taulo za Jikoni

Jumanne saa nne asubuhi, Monica alipasua ndizi mshare mbichi kwa urefu, akaikausha kwa gazeti, akaipaka rangi ya kijani kwa kipande cha godoro, akaigandamiza kwenye taulo la jikoni. Akarudia mpaka ikatokea chane nzima, kisha mkungu. Limau alilikata katikati, likapiga chapa ya gurudumu. Rangi aliichanganya na utomvu wa ndizi, maana kila mwanamke wa Kirua Vunjo anajua utomvu ukishaonja nguo hautoki mpaka nguo yenyewe itoke duniani.

Ilikuwa oda ya Amne, mwenye duka la vyombo Moshi mjini. Amne alikuwa ameahidi kwamba taulo zikifika zote, Monica atapewa chumba cha nyuma ya duka, cha kufanyia kazi na kulala, chenye ufunguo wake. Monica hakuwahi kuwa na ufunguo. Tangu mumewe afariki, kahawa ilikuwa ya shemeji yake Wenseslaus, ng'ombe wa Wenseslaus, na kihamba chote, yaani shamba la ukoo pamoja na nyumba aliyolala, kilikuwa cha Wenseslaus kwa niaba ya ukoo. Zilizobaki zake ni ndizi, kwa kuwa mila inasema ndizi ni mali ya mwanamke. Mila ina huruma sana. Ardhi ya mwanamume, mgomba wa mwanamume, lakini ndizi, mama, karibu.

Ijumaa chapa zilivimba. Jumapili Monica alichuma chane moja kutoka kwenye taulo, akazipika na nyama, machalari. Yaliiva vizuri, ila yalinukia rangi kwa mbali. Akampigia Amne simu.

"Amne, zile taulo zimezaa."

"Zimezaa nini?"

"Ndizi. Nyingine limau."

Amne akafikiri. "Rangi haitoki?"

"Haitoki."

"Basi lete Jumatano. Wateja wangu wanapenda vitu vya asili."

Jumatatu Wenseslaus alipita kukagua kahawa yake, akakuta kamba ya nguo imelemewa na mikungu. Hakushangaa. Alikasirika tu kwamba hakushirikishwa.

"Shemeji, shamba hili umelifungua lini?"

"Si shamba, shemeji. Ni taulo."

"Taulo gani linazaa?"

"Kwani ndizi si zangu?"

"Ndizi zako, nani kakataa? Mimi nauliza zimeota wapi."

Ukoo ukakaa kikao Jumanne alasiri, pombe ya mbege ikiwepo ili haki ionekane vizuri. Monica alikaribishwa kuhudumia. Mwenyekiti, Mzee Primus, alipokea shikamoo zote, kisha akasugua taulo kwa vidole kama mtu anayepima udongo.

"Ndizi ni za mwanamke," alisema. "Hapo hatugusi, sisi si wakatili."

Wazee wakaitikia kwamba kweli, wao si wakatili.

"Lakini kinachootesha ndizi ni ardhi. Hiki kinaotesha. Basi hiki ni kihamba, na kihamba hakiuzwi Moshi mjini."

"Baba, kitambaa nilikinunua mwenyewe, Himo," alisema Monica. "Kwa mita."

"Ndiyo maana tunakupongeza, mama. Umeuongezea ukoo ardhi, na siku hizi ardhi ilivyo shida!"

Wakampigia makofi. Wenseslaus akakata masale, mmea wetu wa kuonyesha mipaka, akachomeka kichipukizi kwenye kila kona ya kila taulo. Yakashika mizizi hapohapo. Ndizi akazichuma zote, akamkabidhi Monica mbele ya mashahidi, bila kubakiza hata moja. Mwaminifu sana.

Jumatano Monica alimpelekea Amne ndizi. Amne alizipokea, akasikitika, na chumba akampa fundi cherehani.

Monica aliporudi alimkuta Wenseslaus mlangoni na beseni limejaa kihamba kipya, kimemwagikiwa mbege wakati wa kikao. Kufua ni kazi ya mwanamke. Hilo nalo mila haikulisahau.

"Ila ukamue taratibu, shemeji," alimwambia. "Ukivuta sana, mipaka inasogea."