Dakika Kumi na Mbili za Eckhard

Roswitha ndiye aliyetangulia kuingizwa kwenye mashine ya kupigia picha za mwili, akakaa humo karibu saa nzima, nayo inagonga kama mafundi seremala waliogombana. Alipotoka akaketi ukumbini na kahawa yake, akafungua kipande cha keki ya plamu alichotoka nacho nyumbani, maana keki za watu hazimwingii. Mumewe Eckhard akaitwa. Keki haijafika nusu, mzee huyo katoka, vifungo vya shati kavikosea vyote.

"Mbona mapema?"

"Wamemaliza."

"Mimi saa nzima, wewe dakika kumi na mbili?"

"Wewe una mengi ya kupigwa picha," akasema, akimtupia jicho nyongani.

Roswitha hakucheka. Walikuja kwa ajili ya utafiti wa watu wazima wasioumwa. Majina yaliokotwa tu kwenye daftari la wakazi wa wilaya, watu wapigwe picha ya MRI kuanzia utosini hadi magotini, kisha wafuatiliwe miaka na miaka. Fomu waliyotia saini ilisema kila mtu ataandikiwa barua yake, na kikionekana kitu kibaya ataambiwa humo. Sasa kama walikiona mapema hivyo, ni kikubwa kiasi gani?

Akamvizia Wiebke, yule binti mpiga picha, alipopita na shuka.

"Mwanangu, mume wangu ana nini?"

"Mama, habari za mtu siruhusiwi kuzitoa, hata kwa mkewe."

"Kumbe habari zipo."

"Sijasema hivyo."

Hakusema, lakini aliangalia sakafu, na Roswitha alimwona.

Wiki tatu zikapita. Barua ya Roswitha ikaja: hakuna la kumjulisha. Ya Eckhard haikuonekana. Tena mzee huyo, ambaye katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kwenda kuchukua barua, siku hizi alikuwa anatoka na ndara zake hata baiskeli ya mleta barua haijaondoka getini. Akiulizwa, anasema ni matangazo ya dukani.

Alhamisi moja Roswitha alikuwa anamenya viazi. Alipofunua ndoo ya maganda akaona pembe ya karatasi imejitokeza chini ya maganda ya jana. Karatasi, kwenye maganda! Eckhard huyu huyu aliyenuniana na jirani majira mazima ya joto kwa ajili ya bahasha iliyotupwa pipa lisilo la karatasi. Mwenye kuitia karatasi humo ni mtu anayeficha. Akaitoa, imechanwa vipande vinne, akavisuuza, akaviunganisha mezani kwa kidole.

Tunasikitika kwamba kipimo chako kilikatizwa kwa ombi lako mwenyewe. Ukipenda kujaribu tena, tupigie simu.

Basi hawakuona kitu. Hawakupata hata muda wa kukitafuta. Ilimpasa afurahi. Lakini shaka yake haikuondoka, ilihama chumba tu: ikatoka kwa Wiebke, ikahamia kwa mumewe.

Eckhard akaingia kutoka bustanini na fungu la karoti. Akaziona zile karatasi.

"Ulibonyeza ule mpira wa kuomba kutolewa," Roswitha akasema.

"Mle ndani kunabana."

"Kunakubana wewe? Miaka thelathini umechomelea vyuma kwenye matumbo ya meli, umelala mahali paka asipopita. Usinifanye mtoto, mzee."

Eckhard akaweka karoti mezani, akazipanga moja moja, kubwa kwa kubwa.

"Lile bomba la mashine sikuliogopa. Niliogopa barua yao."

"Ingesema nini?"

"Nakojoa damu, Rosi. Si kila siku. Tangu Pasaka."

Nje kulikuwa tayari na plamu zilizoanguka, majira ya joto yakiisha. Roswitha akahesabu miezi kimoyomoyo, akatamani kumchapa na karoti.

"Na kwa nini ulikubali kwenda?"

"Ulishawajibu kwamba tunakuja wote. Ningekwambia nini?"

Akazima moto chini ya sufuria. Akapiga simu kwa daktari wao, na mhudumu alipopokea, hakumweleza neno. Alimpa Eckhard simu mkononi.

"Sema mwenyewe. Mimi nasikiliza."

Eckhard akataja jina lake, na tarehe ya kuzaliwa. Akalisema lile jambo kwa sauti ya chini, akasikiliza, bila shaka ameulizwa tangu lini. Akageukia dirishani, mgongo kampa mkewe.

"Tangu Krismasi," akasema.