Majibu ya Aryemo na Wahabi

Aryemo, binti wa polisi, alifanya kazi katika maabara ya zahanati moja ya Nakawa. Mchumba wake Wahabi, Mnubi, alikuwa fundi umeme wa magari kule Kansanga. Suala la dini, yeye Mkristo na Wahabi Mwislamu, wazazi walishalimaliza. Kilichobaki ni kupima damu. Majibu aliyasoma Aryemo mwenyewe, akarudia kipimo mara tatu. Wote wawili walibeba sikoseli.

"Mbona sijawahi kuumwa?" Wahabi aliuliza.

"Hata mimi. Kila mmoja wetu ana nakala moja nzima ya jeni hiyo na moja yenye kasoro. Mtoto akirithi zote mbili mbovu, ndipo anaugua. Kila mimba, uwezekano ni mmoja kwa nne."

"Kasoro gani hiyo?"

Akamweleza. Maagizo ya kutengeneza protini yamo katika DNA. Seli huyanakili, kisha nakala husomwa herufi tatu tatu, na kila tatu huita asidi amino yake. Asidi hizo huungana moja baada ya nyingine, kila muungano ukitoa molekuli ya maji, hadi mnyororo ujikunje kuwa protini. Kwenye sikoseli herufi moja tu imebadilika. Pale pa asidi ya glutamiki, inayopenda maji, panakaa valini, inayoyakimbia. Basi himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ikishaiachia hung'ang'aniana, chembe ya damu inapinda kama mundu, mishipa inaziba.

Wahabi aliinama. "Dada yangu Husnah alikufa nayo, akiwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkanda miguu usiku kucha. Siwezi kumzaa mtoto nikijua."

"Tuishi bila watoto."

"Wewe utaweza?"

Aryemo alitaka kusema ndiyo. Lakini binti aliyetumaini kumzaa na Wahabi alishampa jina moyoni, Abalo.

Wakaachana bila ugomvi, jambo lililomuuma Aryemo zaidi. Tangu hapo akawa anazunguka mashuleni akipima vijana mapema, kabla hawajapendana. Wachumba wengine walimjia. Aliwasikiliza kwa adabu tu.

Mwaka wa tatu baada ya kuachana, Wahabi alipiga simu. Alikuwa ameoa huko mjini Bombo, mke asiyebeba sikoseli, na mtoto wao amezaliwa mzima. Aryemo alimpongeza, akauliza uzito, akauliza hali ya mama. Kisha maswali yakamwishia, wala hakuna aliyekata simu.

"Bado upo?" Wahabi aliuliza.

"Nipo."