Kura ya Njugu

Barasa alipanda juu ya kreti la soda, akapiga makofi mara tatu, na soko zima la Kitale likanyamaza isipokuwa jogoo mmoja wa kuuzwa aliyefungwa miguu. Chini mbele yake, kwenye vumbi, kulikuwa na beseni la bluu lililofunikwa kwa taulo safi. Nyuma ya beseni alisimama Bukuru, Mrundi wa njugu, mikono mgongoni kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Siku hiyo tulikuwa tumekusanyika kumfukuza. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na kosa lake lote lilikuwa limetoka kinywani mwangu.

Nitasema lilivyotoka, maana nikilipamba nitakuwa nimedanganya mara mbili.

Bukuru alitufikia msimu wa mahindi mabichi. Mimi nilikuwa nimeuza njugu pale miaka kumi na miwili, nimekaa kwenye kigoda changu nikingoja mteja aniletee miguu yake. Yeye aliwafuata walipo: kwa mafundi viatu, kwenye foleni ya posho mill ya kusaga mahindi, hadi saluni kwa Sandra. Aliinama kidogo, akachota kijiko kimoja, akakuwekea kiganjani bure. "Karibu kura, mama." Watu walikufa kwa kicheko. Ati karibu kura, badala ya kula! Vijana wakambandika jina la Tume, kama ile ya uchaguzi. Walicheka, lakini walinunua.

Njugu zake ziling'aa. Sababu niliijua vizuri: aliziloweka kwenye maji ya chumvi kabla ya kuzikaanga kwa mchanga, vile vile alivyofanya marehemu mama yangu, kazi niliyoiacha kwa uvivu wangu mwenyewe. Sasa siku moja nimekaa kwa Sandra, nimesukwa nusu kichwa, wivu umenijaa, nikamwambia, "Hujiulizi zinang'aa na nini? Hayo ni mafuta ya transfoma ya stima."

Nilisema nusu kwa mzaha. Lakini ulimi hauna mfupa, na saluni haina mlango. Jumatatu nilisema mimi. Jumatano jirani yangu wa mtaa wa Matisi aliniletea habari ile ile nyumbani, tayari imeongezwa mtoto aliyelazwa hospitalini. Alhamisi Bukuru alikuwa jasusi. Kufika Ijumaa, ni yeye aliyefanya mahindi yetu yakose bei. Ningeweza kuyazima maneno hayo kwa sentensi moja, lakini wateja walikuwa wameanza kurudi kwenye kigoda changu.

Na mimi ndiye niliyepaswa kuyaogopa kuliko mtu yeyote. Nilizaliwa Kachibora, huku huku upande wa Kitale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa wakati watu wenye rungu walipotuambia sisi ni madoadoa kwenye ardhi yao, turudi kwetu Bungoma. Mama alijitwika karai lake la njugu, mimi nikabeba godoro. Tulipofika huko kwetu, Misikhu, binamu zangu walicheka hadi wakashika mbavu nilipoomba sukari. Wao walisema sukali. Wakaniita Mkitale na kuniuliza nitarudi kwetu lini. Mama aliwasha moto, akakaanga njugu, akawagawia mmoja mmoja. Nilidhani ni woga. Nilikuwa mjinga tu.

Barasa si mtu mbaya. Ni mwenyekiti wetu, mzaliwa wa Bungoma mjini mwenye ulimi wa binamu zangu, na anapenda utaratibu kuliko chakula.

"Watu wangu," alisema, "imesemekana huyu bwana anatupatia sumu. Wengine wanataka aende saa hii, wamwage vitu vyake chini. Lakini si sisi ni watu? Tutafanya kwa haki. Kwanza, tupige kula."

Bukuru akainua kichwa. Tangu asubuhi alikuwa hazielewi kelele zetu, lakini neno hilo alilielewa. Uso wake ulifunguka. Akachuchumaa, akaondoa taulo, akachota kijiko kilichojaa, akamwinulia Barasa kwa mikono miwili.

"Karibu, mukubwa. Kura."

Soko lililipuka. Barasa akatokwa na jasho. "Sijasema kula!" alifoka. "Nimesema kula!" Kicheko kikaongezeka. "Kula ya kuchagua, bana, si kula ya kumeza!"

Hata mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha nikamwona Bukuru naye anacheka, kwa adabu, kijiko bado kiko juu. Alidhani amesamehewa. Maskini wa Mungu hakujua hata ameshtakiwa kwa lipi. Aibu ilinipanda kutoka kwenye nyayo, na nikajikuta nimesimama.

"Mwenyekiti, nina neno."

"Sema, Mama Ian."

"Ile ya transfoma niliitunga mimi. Sijaona mafuta yoyote. Niliona wateja wangu wakienda kwake, basi."

"Mama Ian!" Sandra alipiga kelele. "Na mimi nimewaapia watu!"

"Najua, Sandra. Nilikudanganya."

"Basi afukuzwe yeye!" mtu akasema kutoka nyuma, na wengine wakaitikia. Tangu nizaliwe nimefukuzwa mara moja, na nilijua uzito wa godoro kichwani. Lakini nilikuwa nimeshayavulia maji nguo.

"Mtanifukuza baadaye," nikasema. "Mwenyekiti ametangaza kula, na mimi nakula."

Nikakipokea kile kijiko mkononi mwa Bukuru, nikatia njugu zote mdomoni, nikatafuna polepole ili wote wasikie. Chumvi ilikuwa imeingia hadi ndani, kama za Mama. "Anayetaka Bukuru abaki," nikasema nikiwa bado na mdomo uliojaa, "naye aje ale."

Hakuna aliyesogea. Halafu Kemboi wa viazi akajipenyeza mbele, akakunjua kiganja chake kikubwa chenye udongo.

"Mimi nimekula hizi tangu mwezi wa sita. Kama ni transfoma, si ningekuwa nimewaka taa?"

Kutoka hapo hapakuwa na wa kuzuia. Mafundi viatu walikuja, wanawake wa sukuma wiki wakaja na watoto mgongoni, vijana wakapanga mstari wakiimba, "Tume! Tume!" Sandra alikuja amenuna, hakunitazama, akachota vijiko viwili. Hata yule wa nyuma aliyetaka nifukuzwe nilimwona akilamba vidole. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na sikujali nani ananiona. Tangu siku ile tulipoondoka Kachibora, sikuwahi kujisikia niko kwetu namna ile.

Wa mwisho alikuwa Barasa, akashuka kwenye kreti. Akatafuna, akafikiri, akachungulia ndani ya beseni. Ilibaki chumvi tu.

"Kula zimekwisha," akatangaza. "Bukulu anabaki."

Vigelegele vilipotulia, Bukuru alikunja taulo lake vizuri na kuliweka begani.

"Kesho nitareta zingine, mukubwa."

"Reta mapema," Barasa akamjibu, na hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyesikia kosa.