Kifungua Kopo cha Mkono wa Kushoto

Mjomba ndiye aliyegawa vitu vya marehemu, na mpaka leo hajui alikosea wapi. Alikuwa mtunza stoo mstaafu, mtu wa kupenda mambo yaende kwa kanuni, na kanuni aliyokuja nayo siku ile ilikuwa fupi: kila kilichomo nyuma ya mlango wa kabati ni cha binti, kila kilichomo ndani ya droo ni cha mdogo wake wa kiume. Hakutaka mjadala. Alipomaliza, binti alikuwa na sahani zote za nyumba ile bila kijiko hata kimoja, na mwenzake alikuwa na vijiko vyote bila sahani ya kuvitumia. Mjomba akafunga begi lake, akaaga, akaenda zake ameridhika kabisa.

Nyuma ya milango ya kabati kulikuwa pia na makopo. Marehemu alikuwa mama wa kuweka akiba. Maisha yake yote alinunua makopo ya maharage, njegere, samaki na nanasi, akayapanga kwa safu, akisubiri siku mbaya. Siku mbaya ilipokuja ikamchukua yeye, makopo yakabaki. Kifungua kopo, kwa kuwa kilikuwa kinalala kwenye droo, kikahamia upande wa pili wa ukuta.

Upande wa pili wa ukuta hapakuwa mbali. Nyumba ilikuwa moja, imekatwa katikati, na uani kulikuwa na bomba moja la wote. Upande wa barabarani, alikokuwa akiishi mama pia, alikaa binti, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkasi, na si kwa sababu ya kazi peke yake. Upande wa nyuma alikaa mdogo wake na mkewe. Huyo alikuwa fundi wa kufuli, na mtaa ulimwita Kufuli, kwanza kwa kazi, pili kwa mdomo. Ungeweza kunywa naye chai birika likaisha asiseme neno ila "karibu".

Wawili hawa walikuwa hawasemeshani tangu msibani. Bi Mkasi ndiye aliyeanza, tena mbele za watu, wafiwa na majirani wamekaa, sahani mkononi. Alimtolea mdogo wake uvivu bila kupunguza sauti. Alisema mama yao, na ule mkono wake mbovu, alimfungulia yeye kopo la mchana hadi wiki ya mwisho ya uhai wake, tena akaukunja ukingo wake vizuri binti asijikate, wakati mtoto wake wa kiume anakuja kila asubuhi kutia mafuta bawaba za milango, anakunywa chai, anaondoka. "Mama alikuwa anazimika," alisema, "wewe unapaka bawaba mafuta!"

Kufuli aliweka sahani chini, akatoka nje, na kwa kuwa bawaba zile zilikuwa zimetiwa mafuta kweli kweli, hata mlango haukulia.

Tangu hapo Bi Mkasi alikuwa na sababu nyingi za kujisifu kwamba amesema ukweli, na usingizi mchache. Alichokitaka ni kimoja: mdogo wake aingie tena jikoni asubuhi bila kuitwa, avute kiti, asiseme kitu kama kawaida yake. Alimkumbuka mpaka ilimuuma. Lakini kumwita asingeweza, maana alikuwa dada mkubwa, na dada mkubwa, kwa hesabu zake, haombi radhi kwa jambo la kweli.

Hapo ndipo makopo yalipoingia. Tarehe zilizopigwa chini yake zilianza kukaribia, na kutupa akiba ya mama lilikuwa jambo lisilofikirika. Ilibidi yafunguliwe. Na kumwomba mdogo wake kifungua kopo ilikuwa ni sawa na kumwomba msamaha, na wote wawili walilijua hilo, mmoja huku, mwingine kule.

Kwa hiyo alinunua kingine. Kilikuwa kipya, kinang'aa, cha kuzungusha. Kilizunguka kopo la maharage kuanzia mwanzo hadi mwanzo, kikaacha alama za meno kama panya aliyekata tamaa, na kopo likabaki limefungwa. Alipokilazimisha, mpini ulimbakia mkononi.

Akachukua kisu. Kisu kikapinda.

Akachukua mkasi wa kukatia vitambaa, jambo ambalo fundi cherehani hafanyi hata akiwa na homa, ncha ikaruka ikaenda kukaa chini ya kabati. Bi Mkasi aliuangalia ule mkasi kwa muda, akaufunga kwenye kitambaa, akauweka kando. Hakulia. Alikwenda kutafuta nyundo na msumari, safari hii kwa kopo la samaki.

Ukuta ule ulikuwa mwembamba, na Kufuli alikuwa nyumbani. Sasa, kuna watu wasiovumilia kusikia mtoto akilia na kuna watu wasiovumilia kusikia kitu kikivunjwa ambacho kingeweza kufunguliwa. Kila nyundo iliposhuka, Kufuli aliruka kidogo kitini. Mwishowe akamwambia mkewe neno, na kwa kuwa maneno yake yalikuwa adimu, mkewe alinyanyuka mara moja.

Ujumbe kati ya pande mbili ulipita kwa huyo mke, na yeye alikuwa na tabia ya kuupiga pasi kabla hajaufikisha. Kufuli alikuwa amesema, "Mwambie yule mwendawazimu kopo halipigwi nyundo." Mkewe alisimama mlangoni kwa Bi Mkasi, akatabasamu.

"Wifi, mdogo wako anauliza kama u mzima."

Bi Mkasi alikuwa na mchuzi wa samaki usoni, na mwingine ulikuwa umeruka mpaka kwenye gauni jeupe la nesi mmoja lililokuwa linasubiri vifungo. "Mwambie aendelee na bawaba zake."

Mke wa Kufuli, Wifi kwa Bi Mkasi, akarudi upande wa pili. "Anasema ahsante kwa kumjali," akamwambia mumewe.

Kufuli alimtazama mkewe kwa makini. Alikuwa ameishi naye miaka mingi, na alimjua dada yake tangu azaliwe. "Hajasema hivyo," alisema, akarudi kwenye kufuli alilokuwa analifungua.

Kesho yake mchana Wifi alivuka tena, safari hii akiwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha kufutia mikono. Akakiweka mezani, juu ya gauni la nesi, ambalo sasa lilikuwa limefuliwa mara mbili. Bi Mkasi alikijua kabla hajakifungua. Mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa, ulimi wa chuma uliopinda, na kijino kidogo pembeni cha kung'ang'ania ukingo wa kopo. Kilikuwa kifaa rahisi mno: unachoma, unainua, unasogea, unachoma tena.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu."

"Hata wewe hukumtungia chochote?"

"Wifi yangu, hiki nimekileta kama nilivyopewa," alisema Wifi, akaondoka haraka kabla hajaonekana anafurahi.

Bi Mkasi alikaa na kile kifaa mapajani. Moyo ulimdunda kama msichana aliyechumbiwa, na alijiona mtu mzima hovyo. Kisha akapiga moyo konde, akaleta kopo la nanasi, akalishika kwa mkono wa kushoto, akachoma kwa wa kulia.

Kijino hakikushika. Kilikuwa upande usiofaa, kimeelekea nje, hewani. Akaligeuza kopo. Akajigeuza yeye. Akakishika kifaa chali, akasimama juu ya kigoda apate uzito, akakandamiza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kopo likateleza, likabingiria hadi mlangoni, likasimama.

Basi alielewa, au alidhani ameelewa. Amemletea kibovu. Amekaa na tupa yake, amekiharibu, halafu amekituma kwa kitambaa safi kabisa ili amkejeli. Aliugeukia ukuta.

"Hongera!" alipiga kelele. "Hata cha mama umekiharibu! Roho yako imetulia sasa? Kama ulitaka nife njaa na kabati limejaa, ungesema! Ila huwezi kusema, we huwezi kusema kitu!"

"Kishike kwa kushoto."

Sauti haikutoka ukutani. Kufuli alikuwa amesimama mlangoni, na kopo la nanasi mkononi. Bawaba hazikuwa zimemchongea.

Bi Mkasi alishuka kigodani.

"Mama alikuwa wa shoto," alisema Kufuli. "Madukani vyote ni vya mkono wa kulia. Hiki niliking'oa kijino nikakihamishia upande wa pili nilipokuwa najifunza kazi." Hotuba hiyo ilimchosha. Akaingia jikoni, akavuta kiti chake cha siku zote, akakaa.

Bi Mkasi alijaribu kwa kushoto. Mkono wake wa kushoto, ambao kazi yake ilikuwa kushikilia kitambaa tu, ulichoma meza. Kufuli alinyoosha wake wa kushoto, naye dada yake akampa kifaa, shingo upande.

Kilichofuata kilikuwa kizuri kutazama. Alichoma, akainua, akasogea. Ulimi ulikwenda ukizunguka ukingo kwa mlio mdogo, sawasawa, bila papara. Hakulimaliza duara. Aliacha sehemu ya upana wa kidole bila kuikata, mfuniko ukabaki umeshikilia, akauinamisha nyuma kama mlango. Hivyo ndivyo mama alivyofanya siku zote.

Kisha Kufuli, akiwa anatazama dirishani, alitia mkono mfukoni akatoa plaizi ndogo. Akaanza kuukunja ukingo uliokatwa, kipande kwa kipande, kwenda ndani, akiulaza kwa ncha ya plaizi mpaka ukawa laini wa kupitisha kidole. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Alipomaliza akalisogeza kopo mbele ya dada yake.

Bi Mkasi alipitisha kidole kwenye ukingo. Alizunguka mara moja, akazunguka tena.

Alikuwa amekula kutoka kwenye makopo ya ukingo ule miezi yote ya mwisho. Kabla ya hapo, miaka yote, mama aliacha kingo kali kama wembe na kila mtu akajihadhari mwenyewe. Halafu mkono ukaanza kumsumbua, akaanza kuuficha kwenye mfuko wa sweta, akisema ni baridi tu. Na ni wakati huo huo kingo zikaanza kukunjwa. Ulikuwa mkono wa kushoto. Mtu mwenye nafasi angejumlisha. Bi Mkasi alikuwa na oda za sare za shule.

"Ni wewe," alisema.

Kufuli aliangalia plaizi yake.

"Mama alikuwa hawezi kabisa, siyo?"

"Vidole vilikuwa vimekufa," alisema Kufuli. "Hata kikombe alikuwa hakishiki."

"Na wewe kila asubuhi ulikuwa unakuja kufungua kopo."

"Na bawaba pia nilitia mafuta," alisema, maana alikuwa mtu mkweli. "Nikirudi jikoni baada ya chai, usinisikie."

"Kwa nini hukuniambia? Nimekusema mbele za watu! Mjomba alikuwepo! Ungefungua mdomo mara moja tu!"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaiacha cherehani ukae naye." Ilionekana kama amefika mwisho wa maneno ya mwaka ule. Lakini yalikuwa yamebaki machache. "Alipenda sana uamini ni yeye."

Bi Mkasi alilia basi, kwa sauti, bila kujificha, akajifutia gauni la nesi. Alilia kwa ajili ya mama, na kwa ajili ya mtu aliyekaa mbele yake, aliyebeba aibu isiyo yake kwa mwezi baada ya mwezi, ng'ambo ya ukuta mwembamba, akisikia kila kitu.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema alipoweza kusema. "Mimi ni mjinga."

"Haya," alisema Kufuli.

Aliinuka yeye mwenyewe, akafungua kabati, akachukua sahani mbili, akamimina nanasi nusu kwa nusu. Vipande vilikuwa bado vya manjano, na juisi yake haikuwa na kasoro yoyote. Wakakaa wakiviangalia.

"Nipe kijiko," alisema Kufuli.

"Sina. Vijiko unavyo wewe."

Kufuli alifikiri kidogo, akaugeukia ukuta, akapaza sauti, kitu ambacho hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kukisikia.

"Mke wangu! Lete vijiko!"

Upande wa pili palikuwa kimya kabisa, ukimya wa mtu aliyekuwa ameweka sikio ukutani na sasa anajitahidi kuliondoa. Kisha zikasikika hatua uani, mlango ukafunguka bila kulia, na Wifi akaingia, macho mekundu, amebeba droo nzima.