Mistari ya Mpakani

Mama Pilipili alichagua majani kwa makini, kama mtu anayechagua zawadi ya harusi. Yaliyokauka aliyaacha. Alitaka mabichi, yenye michirizi myeupe inayopindapinda ndani ya jani, na katika kila mchirizi kiwavi mnene ambaye bado anakula. Aliyashindilia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga, akauficha chini ya mtandio. Ilikuwa saa nne asubuhi na jua lilishakaza, katika mwezi ambao zamani watu wa mlimani walitembea wamejikunyata ndani ya makoti.

Jina hilo alipewa sokoni kwa sababu ya ulimi wake, maana maishani hakuwahi kupanda hata mche mmoja wa pilipili. Alilima nyanya, na alizilima vizuri kuliko wanaume waliomcheka alipoachwa mjane. Msimu huu shamba lilikuwa linamfia mikononi. Kwa mbali matunda yalipendeza. Ukiligeuza moja unakuta tundu dogo chini ya kikonyo, na ndani uozo mtupu.

Mkosaji alimjua. Ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, jirani aliyetenganishwa naye na seng'enge tu. Yeye ndiye aliyenunua makreti yaliyokwisha kutumika kutoka bondeni, kwenye joto, ambako nondo wadogo wa kijivu, wazazi wa viwavi hawa, walikuwa wameshateketeza mashamba ya watu. Mama Pilipili alilisema hilo mkutanoni, mbele ya wakulima wote, na shemeji hakujibu neno. Kimya kile kilimchoma kuliko tusi. Kwa wiki tatu alilala na kuamka na kisasi chake, akikilea na kukinenepesha, hata asubuhi hiyo akaona kimekomaa.

Alimwona shemeji akitoka na baiskeli, akasubiri kidogo, kisha akazunguka kwa lango la chini, lililo mbali na mpaka wao.

Mistari ya kwanza ya nyanya ilimpandisha damu kichwani. Ilikuwa safi! Majani mapana, matunda yameshonana. Mwenye kuleta balaa anavuna, mimi niliyeletewa nalia, alisema moyoni. Hakutaka kumwaga viwavi pale ukingoni, wakaonekana mapema, akasonga ndani. Kwenye mstari wa nane aliona mchirizi mmoja. Kwenye wa kumi na mbili, kila shina lilikuwa na majani yaliyotoboka. Kadiri alivyokaribia seng'enge ndivyo mimea ilivyozidi kuungua, na mistari ya mpakani ilibaki vijiti.

Ng'ambo ya seng'enge lilikuwa shamba lake mwenyewe. Upande huo wa mpakani yalisimama mashina ya msimu uliopita, makavu, yameinama, na vinyanya vilivyonyauka bado vinaning'inia.

Ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake. Ukishavuna, usijichoshe kung'oa, baridi itakusafishia. Na kweli ilisafisha. Ukungu ulikaa wiki sita, na kila mdudu aliyepanda mlima na joto alifia hapo hapo kwenye mashina. Lakini sasa mwaka wa tatu baridi ilikuwa inachungulia na kuondoka, kama mgeni aliyeacha gari linanguruma nje. Bwana shamba aliwaonya kwamba nondo hawafi tena, wanazaliana mwaka mzima, na mabaki yang'olewe na kuzikwa. Shemeji alizika yake. Mama Pilipili ndiye aliyewavunja watu mbavu: "Anazika nyanya! Kesho atatuomba rambirambi."

Alitazama tena mistari ile, akitafuta namna nyingine ya kuielewa. Hakuipata. Aibu ilimshika, na hasira yake, ambayo kwa wiki tatu ilikuwa na pa kukaa, ikabaki inatangatanga.

"Karibu, shemeji."

Shemeji alikuwa amesharudi, amesimama mwisho wa mstari, jembe begani.

"Leo umepitia lango la chini," shemeji alisema. "Na huo mfuko?"

Ulimi uliozoea kumwokoa ulikataa kudanganya. "Nilikuletea viwavi."

Shemeji aliutazama mfuko, akavitazama vile vijiti. "Umechelewa. Wa kwako walishafika."

Hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu.

"Ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza. Walianzia hapa kwenye seng'enge. Yale makreti niliyamwagia maji ya moto kabla hayajaingia shambani."

"Ukaniacha nipayuke mkutanoni! Ungeniambia mapema, si ningeng'oa? Si ningeokoa hata nusu?"

"Ulinifanya kichekesho, shemeji. Nikasema, acha wammalize." Aliteremsha jembe. "Kwangu walikuwa mistari miwili tu. Nilidhani dawa itawazuia. Dawa yenyewe hawaiogopi."

Kumbe naye alikuwa na kisasi chake, cha kusimama na kutazama. Mama Pilipili alijishangaa kuona ameburudika kidogo: adui alikuwa amerudi mahali pake.

Shemeji aliuchukua mfuko kutoka mkononi mwake, akautupa kwenye shimo alilokuwa ameanza kuchimba jana. Alisema leo atang'oa mistari yote iliyoguswa. Hakumwuliza yeye atafanya nini.

Mama Pilipili alirudi kwake kwa njia ile ile ndefu. Alisimama kati ya mashina makavu na nyanya zake za msimu huu, na zilizonusurika zingeiva baada ya wiki mbili. Nondo walishaenea kote; aking'oa vyote, hatavuna kitu. Akiviacha, wataendelea kuvuka seng'enge mpaka shemeji asibakiwe na jani. Hakuhitaji mfuko wala kunyatia lango la mtu. Alihitaji kukaa tu. Na yeye pia wangemmaliza, msimu ujao na unaofuata. Hilo alilijua, na bado lilikuwa tamu.

Kutoka ng'ambo ilisikika mizizi ikikatika. Shemeji alikuwa ameinama, mgongo umelowa jasho.

Mama Pilipili aliinama naye, akalishika shina moja kavu kwa mikono miwili. Nondo wadogo waliruka, wakazunguka mikono yake, wakaelekea upande wa pili.

"Niombe," alisema, kwa sauti ambayo mtu wa ng'ambo angeisikia akitaka. "Niombe tu, shemeji."

Shemeji aling'oa shina jingine, akalirusha shimoni, hakuinua kichwa. Naye aliendelea kulishika lile la kwake, bila kulivuta.